Kuagiza gari Japani mtandaoni au kulichukua yadi ya Dar: ulinganisho kwa anayetaka gari la familia na safari ndefu

Mwezi wa nane ndio mwezi wa swali hili. Mtu ana familia ya watu sita au saba, anataka Desemba awafikishe Moshi au Bukoba bila kugombea tiketi za basi pale Stendi ya Magufuli, na ameshaona Toyota Noah mtandaoni kwa bei inayofanya yadi za Dar zionekane kama zinaibia watu. Anauliza: niagize mwenyewe Japani, au niende yadi nikachukue?

Huwa namrudishia swali ambalo hakulitarajia: gari unalolitazama limetengenezwa mwaka gani? Kuna watu wamebishana wiki nzima kuhusu yadi na mtandao, kumbe pesa yao ilikuwa inapotelea kwenye mwaka wa gari. Tuanze hapo.

Bei ya kwenye skrini na bei ya getini

Bei inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tovuti za wauzaji wa Japani, BE FORWARD, SBT na wenzao, mara nyingi ni FOB. Maana yake gari limefikishwa bandari ya Japani, basi. Ukichagua bandari ya Dar es Salaam inatokea bei ya pili, C&F, iliyoongezwa nauli ya meli. Ukiweka na bima inakuwa CIF. Sasa mtu anachukua FOB ya skrini anailinganisha na bei ya yadi, ambayo mara nyingi ina kila kitu ndani mpaka namba za usajili. Hapo hajalinganisha chochote.

Kodi ndiyo sehemu nene. Tanzania Bara, gari dogo la abiria lililotumika linatozwa ushuru wa forodha 25% ya CIF. Unafuata ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, unaopigwa juu ya CIF pamoja na ushuru huo wa forodha: 5% kwa cc 1,001 hadi 2,000, na 10% ikizidi hapo. Halafu unakuja ule unaoumiza, ushuru wa uchakavu, juu ya jumla hiyohiyo: 15% kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30% likizidi miaka 10. VAT ya 18% inapigwa juu ya mjumuiko wote huo. Bado hujagusa tozo ya reli, ada ya forodha na usajili.

Chukua Noah ya cc 1,986, ndiyo injini iliyoko kwenye nyingi za matoleo ya ZRR70 na ZRR80 zinazozunguka mjini. Tuseme thamani yake kwa TRA, mamlaka ya mapato, ni dola 5,000, namba ya mfano tu ili hesabu ionekane. Kama gari limezidi miaka 10, ushuru wa forodha ni dola 1,250, wa injini 312.50, wa uchakavu 1,875, na VAT 1,518.75. Jumla dola 4,956, kabla ya tozo ndogo ndogo. Yaani umenunua gari mara mbili. Kwa thamani hiyohiyo, gari ambalo halijafikisha miaka 8 lingelipa 1,250, na 312.50, na VAT 1,181.25: dola 2,743 na ushee. Tofauti inapita dola 2,200, na hakuna hata skrubu moja uliyoongezewa kwa pesa hiyo.

Ni kweli gari la karibuni halitakuwa na thamani ileile, litakuwa juu. Ndiyo maana hesabu hii inafanywa kwa magari mawili halisi yaliyoko mbele yako, moja la zamani na moja la karibuni kidogo. Mara kwa mara utakuta la karibuni limemzidi mwenzake kwa pesa kidogo sana getini, na wewe umejipatia miaka minne au mitano ya maisha ya gari. Wanaovutwa na FOB ya dola 1,800 ya gari la 2006 ndio hawa wanaokuja kushangaa bandarini.

Halafu TRA haitegemei risiti yako. Ina kanzidata yake ya thamani za magari, na kikokotoo kiko wazi kwenye tovuti yake: unachagua aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, mafuta na cc, kinakupa kodi yote. Hata ukibahatika kupata Noah kwa bei ya kutupa, kodi haitakuonea huruma kwa kushuka nayo. Ifanye kazi hiyo kabla hujamwandikia muuzaji hata neno moja.

Angalia neno "mwaka" kwa makini. Tovuti nyingi zinatanguliza mwaka gari liliposajiliwa Japani kwa mara ya kwanza, TRA inataka mwaka wa kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani Novemba na kusajiliwa Februari lina miaka miwili tofauti kwenye karatasi. Likiwa limekaribia mstari wa miaka 8 au 10, hiyo miezi mitatu inaweza kukugharimu mamia ya dola. Muulize muuzaji kwa maandishi, na jibu lake ulihifadhi.

Mwenye yadi naye amelipa kodi hizohizo. Amelipa pia pango la kiwanja, mlinzi, kijana wa kuosha magari, na riba ya benki kama alikopa mtaji. Faida yake iko juu ya hayo. Kwa hiyo ukijumlisha kila senti kwa upande wa kuagiza, ikiwemo ada ya wakala wa forodha, gharama za bandari, bima, mafuta ya kulitoa na betri iliyokufa baharini, tofauti inayobaki ni ndogo kuliko ile iliyokushtua mwanzo. Ipo, lakini ni ndogo. Na upande wa yadi bei inazungumzika, jambo ambalo watu wanaosoma tangazo la Instagram wanalisahau. Muulize gari limeingia lini. Lililokaa pale miezi minane linamuuma mwenyewe kuliko linavyokuuma wewe.

Karatasi ya mnada au macho ya fundi

Wengi wanaamini kuagiza mtandaoni ni kununua gizani na yadi ni kununua mchana. Mimi naona ni nusu kwa nusu.

Sehemu kubwa ya magari yanayowekwa kwenye tovuti hizo yamepitia minada ya wafanyabiashara wa Japani, mkubwa wao ukiwa USS. Kila gari linakaguliwa na mtu wa mnada, ambaye si muuzaji wala mnunuzi, naye anajaza karatasi moja. Alama ya 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa. 3.5 lina mikwaruzo na vibonyezo vya umri wake. 3 tayari lina kazi ya kufanywa. R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Pembeni kuna herufi A hadi D za usafi wa ndani. Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa, umejaa alama: A ni mkwaruzo, U ni kibonyezo, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi ndiyo ukubwa wa tatizo. A1 huwezi kuiona ukirudi nyuma hatua tatu, U3 utaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Aliyeisoma karatasi hiyo vizuri anaijua historia ya gari kuliko mtu anayelizunguka yadi akipiga teke matairi. Muuzaji akisema karatasi haipo, inawezekana ni kweli, maana si kila gari hupita mnadani. Basi dai picha za uvunguni, na zikuonyeshe chesisi, mabomba ya breki na sehemu springi zinapokaa. Magari ya mikoa ya kaskazini, Hokkaido na Tohoku, yanatembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi kuyeyusha theluji. Juu rangi inang'aa, chini kumeoza. Dar hakuna theluji, ila kutu iliyoanzia Sapporo itaendelea na kazi yake Kigamboni.

Kinachokosekana mtandaoni ni sauti. Husikii injini ikiwashwa, huioni gia inavyoingia, hujui kiyoyozi kinapoza au kinapuliza tu. Kwa Noah ya petroli ya kawaida hiyo si hatari kubwa, ni gari linalojulikana na vipuri vyake vimejaa Kariakoo. Kwa haibridi nasita. Betri ile kubwa haionekani kwenye picha, na haina alama kwenye karatasi ya mnada. Dizeli za Prado nazo nasita, kwa sababu ya nozeli. Noah za zamani za AZR60 zenye injini ya D4 sizungumzii kabisa, waulize mafundi wa mtaani kwako watakwambia wenyewe.

Yadi inakupa kile kilichokosekana, kama utajua kukichukua. Nenda asubuhi na fundi wako. Fundi aliyependekezwa na yadi si fundi wako. Piga simu kabla, waambie wasiliwashe gari mpaka ufike. Ukifika weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyopashwa inaficha mlio wa kuanzia, moshi wa kwanza na betri iliyochoka. Liwashe mwenyewe, fundi akae nyuma kwenye ekzosi. Achomeke mashine ya kusoma makosa, lakini asiridhike nayo peke yake, maana makosa hufutwa dakika tano kabla mteja hajaingia getini.

Kisha kilomita. Hapa kuna kitu ambacho wenye yadi wengi wanakisahau. Fungua mlango wa dereva, tazama fremu yake, halafu fungua boneti. Gereji za Japani hubandika kijikaratasi kila zinapobadilisha oili, kina tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao: Heisei unajumlisha 1988, Reiwa unajumlisha 2018. Kwa hiyo Heisei 27 ni 2015, Reiwa 2 ni 2020. Ukikuta kijikaratasi cha Heisei 29 kinasema kilomita 118,000 na dashibodi leo inasema 74,000, huhitaji mashine ya mtu. Ukikuta kimebanduliwa na gundi bado ipo, uliza nani alikibandua na kwa nini.

Yadi zinachanganya pia, na zinachanganya kwa makusudi: magari yaliyoshuka melini wiki iliyopita yamepangwa pamoja na yaliyotembea Bongo miaka mitano, yote yameoshwa, yote yamepakwa dawa nyeusi kwenye matairi. La mkononi si lazima liwe baya, na mara nyingine ndilo nafuu kuliko yote kwa sababu uchakavu wake ulishalipiwa kodi na mtu mwingine. Ila liulizie kwa jina lake, na kabla ya kuweka hata kishika uchumba, ingiza namba zake kwenye mfumo wa polisi wa makosa barabarani uone deni la faini. Ukinunua gari bila kutazama, deni linakuja na gari.

Muda

Ukiagiza, weka miezi miwili na nusu hadi mitatu kichwani na usimuahidi mtu chini ya hapo. Malipo ya benki yanachukua siku kadhaa kuonekana kule. Gari linasubiri nafasi kwenye meli, na hapo ndipo wiki zinapopotea bila maelezo. Safari yenyewe kutoka Yokohama, Nagoya au Kobe ni kama mwezi, inaongezeka meli ikipitia bandari nyingi. Kulitoa Dar ni wiki moja au mbili, karatasi zikiwa sawa.

Anayelipa katikati ya Agosti anaweza kuwa na gari mwishoni mwa Novemba, akabakiwa na wiki za kubadilisha oili, matairi na breki kabla ya kulipandisha Wami na Korogwe. Anayelipa Oktoba ataisikiliza meli ikiwa Bahari ya Hindi huku watoto wako kwenye basi. Wenye yadi wanaijua kalenda hii kuliko wewe, na Novemba wanakaza. Januari, ada za shule zikishafyonza mifuko, ndipo wanapokuwa wapole.

Kosa linaloumiza kuliko la kuchelewa ni kulipa C&F yote na kufika bandarini bila pesa ya kodi. Bandari inatoa siku chache za bure, zikiisha gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na mzigo uliotelekezwa mwisho wake ni mnada wa forodha. Pesa ya kodi iwepo benki kabla meli haijafunga Dar. Kama haipo na hujui itatoka wapi, usiagize. Nenda yadi, au subiri.

Pesa inavyotoka mfukoni

Kuagiza kunataka pesa kwa mafungu mawili makubwa: C&F kwa dola mwanzoni, kodi kwa shilingi mwishoni. Kati ya fungu la kwanza na la pili shilingi inaweza kupanda au kushuka, na walioagiza 2023 na 2024, dola ilipokuwa adimu, wanakumbuka. Acha nafasi kwenye bajeti.

Utapeli upo na una sura zinazojirudia. Tovuti yenye jina linalofanana na la kampuni kubwa kwa tofauti ya herufi moja. Gari la bei ya chini kuliko mengine yote ya mwaka ule. Muuzaji anayetaka pesa itumwe kwenye akaunti ya mtu binafsi, au kwenye benki iliyo nchi nyingine kabisa. Mbaya zaidi ni ile ya barua pepe: umeshakubaliana na kampuni ya kweli, umeshapokea profoma, yaani ankara ya awali, kisha inakuja barua inayofanana na zao ikisema akaunti imebadilika. Ukiona hivyo, usijibu barua hiyo. Piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, au nenda ofisi yao ya Dar kama wanayo. Jina la akaunti lazima liwe jina la kampuni, benki iwe ya Japani, na namba ya chesisi iandikwe kwenye maelezo ya malipo. Chama cha wauzaji nje wa magari yaliyotumika Japani kinaitwa JUMVEA, na wanachama wake wanatafutika.

Yadi faida yake kubwa iko hapa, na naona watu wanaidharau. Unaweza kuchukua mkopo wa benki kwa gari linaloonekana, unaweza kulipa kwa awamu, unaweza kuacha gari lako la zamani ukaongeza pesa juu. Mwenye mshahara na asiye na milioni ishirini kwenye akaunti hana sababu ya kuona aibu kwenda yadi. Ila soma mkataba wa awamu mpaka mwisho. Kadi ya gari inabaki kwa muuzaji, kifaa cha kulifuatilia kimefungwa mahali usipopaona, na ukikosa miezi miwili wanaweza kulifuata usiku. Jumlisha awamu zote na malipo ya awali, tazama namba hiyo ya mwisho, kisha amua. Malipo yote yawe kwa shilingi, kanuni za 2025 zinakataza kuuziana ndani ya nchi kwa dola, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Kishika uchumba nacho kiandikiwe. Laki tano uliyompa dalali mkononi chini ya mwembe haina mwenyewe siku gari likiuzwa kwa mwingine.

Karatasi na jina

Anayeagiza anapata kitu kizuri: jina lake ndilo la kwanza kwenye kadi. Kinachotakiwa ni TIN (namba ya mlipakodi), ankara, B/L halisi (hati ya mzigo ya meli), hati ya Japani ya kufuta usajili na kuruhusu gari kutoka nje, na ukaguzi wa ubora wa TBS, shirika la viwango. Huo wa mwisho umewahi kufanyika Japani na umewahi kufanyika hapa bandarini, utaratibu umebadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo muulize wakala wako wa forodha unaotumika sasa kabla muuzaji hajalipakia gari. Wakala mwenyewe achaguliwe mapema, mwenye leseni, na akupe mchanganuo wa gharama kwa maandishi. Wakala anayesema "tutaongea mzigo ukifika" ataongea kweli mzigo ukifika.

Kwa yadi swali la kwanza ni fupi: bei hii ni pamoja na kodi na usajili? Baadhi ya magari yako kwenye bondi, kodi haijalipwa, na bei ya kwenye kioo haisemi. Kama tayari lina namba, jina kwenye kadi ni la nani, na huyo mtu yuko wapi siku ya kusaini? Usikubali gari ambalo mwenye kadi "yuko safari, tutamalizana baadaye". Mkataba upitie kwa wakili, umiliki ubadilishwe TRA mapema. Gari likipata ajali likiwa bado na jina la mwingine, nyote wawili mtapata taabu.

Kwa walio nje ya Bara

Kenya swali la umri limeshajibiwa na sheria: gari lililotumika lisizidi miaka 8. Kwa hiyo lile shindano letu la gari la zamani na la karibuni kule halipo, na tofauti ya kuagiza na kununua Ngong Road au yadi za Mombasa inabaki kuwa faida ya muuzaji, muda, na mkopo. KRA nao wana orodha yao ya bei wanayoanzia kupiga kodi. Uganda nayo mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia gari la miaka 15 kwenda juu. Zanzibar ina taratibu zake za usajili, na anayenunua huko akitaka kulitumia Bara aende TRA kwanza aulize tofauti ya kodi, kabla ya kulipandisha kwenye boti.

Ningefanya nini mimi

Mwenye pesa kamili ya gari na kodi, mwenye miezi mitatu, anayetaka modeli iliyozoeleka ya petroli: aagize, kwa alama 4 kwenda juu, gari lisilofikisha miaka 8 kama mfuko unaruhusu. Atapata gari safi kuliko la yadi kwa pesa ileile, na hilo nalisema bila wasiwasi.

Anayetegemea mkopo, anayelihitaji mwezi huu, au anayetaka haibridi au dizeli: yadi, na fundi wake. Tofauti ya bei aihesabu kuwa malipo ya kulisikia gari kabla ya kulilipia. Ni pesa halali.

Yupo wa tatu, na anaongezeka, anayetaka gari la kulala njiani, lenye kitanda, jiko na friji ndogo. Huyo yadi za Dar hazimsaidii, hayapo. Japani yapo mengi, yamejengwa juu ya HiAce, Nissan Caravan, Town Ace na hata vile vigari vya cc 660. Bei zake ni kali kwa sababu Wajapani wenyewe wanayagombea. Kwenye HiAce tafuta ya cc 1,998, inabaki kwenye 5%, ile ya 2,693 inaingia 10%. Mtume wakala aulize TRA watalithaminije kabla hujalipa, maana kitanda na makabati hayaonekani kwenye modeli ya kawaida. Njia nyingine ni kuchukua Prado au Land Cruiser yadi, ukanunua hema la juu ya paa, au ukalipeleka Arusha kwa mafundi wanaoinua mapaa ya magari ya watalii. Kwa barabara za Ruaha wakati wa masika naona hiyo ndiyo njia yenye akili, HiAce ya magurudumu mawili itakulaza njiani kwa maana nyingine.

Ukishikilia la Japani, basi jambo la umeme ulijue. Taa, friji na pampu za volti 12 zitafanya kazi popote. Hita ya dizeli waliyoifunga kwa ajili ya baridi yao utaitumia Lushoto na Makete, kwingine itakupunguzia tu nafasi. Tundu la nje la kuchomekea umeme wa nyumbani ndilo la hatari: limetengenezwa kwa volti 100. Ukilichomeka kwenye umeme wa Tanesco wa volti 230, chaja ya betri ya pili inaweza kuungua usiku wa kwanza. Mpe fundi umeme wa magari abadilishe chaja au afunge transfoma ya kushusha, na mpaka afanye hivyo funika tundu lile kwa gundi ya karatasi ili mtu asilichomeke kwa wema.